Mkupuo unakwisha, na rafiki ananiita kwenye mradi wa kuku

BARUA

Ndugu mshauri, salaam.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, niko mkoani Singida. Nimefundisha hisabati kwa miaka 35. Nilistaafu mwishoni mwa mwaka 2023, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wakanilipa mkupuo wa shilingi milioni 43, na pensheni yangu ya kila mwezi ni shilingi 580,000. Fedha iliingia bila kusumbuliwa. Usumbufu umeanza baada ya kuingia.

Nikueleze zilivyokwenda. Milioni 12 nimepaua nyumba upya, nikajenga ukuta na kuweka geti. Milioni 6 zimekwenda kwenye send-off na harusi ya binti yetu, ingawa kamati nayo ilichangisha. Milioni 6 nyingine nilinunua pikipiki mbili, nikawapa vijana kwa mkataba wa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku. Mmoja analeta, mwingine kila jioni ana sababu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nilimkopesha milioni 4 za duka la pembejeo. Simu yangu hapokei siku hizi, ya dada yake anapokea. Milioni 5 siwezi kuzitolea maelezo ya maana, nami ni mwalimu wa hesabu: elfu hamsini ya msiba, laki moja ya ada, laki mbili za matibabu, nauli ya huyu na yule. Zimebaki milioni 10.

Sasa yupo mwalimu mwenzangu, tumekaa ofisi moja miaka mingi. Amejiunga na kampuni ya Dar es Salaam inayofuga kuku. Unanunua banda kwa shilingi milioni moja, wao wanafuga na kuuza, na wewe kila mwezi unapokea shilingi 100,000 kwa kila banda. Yeye aliweka milioni 10 na amelipwa miezi minne mfululizo. Amenionyesha meseji za malipo, nimezisoma kwa macho yangu. Anasema nikichukua mabanda 9 nitapata shilingi 900,000 kwa mwezi, kuliko hata pensheni yangu. Wanapokea watu mpaka mwisho wa mwezi huu tu. Mke wangu bado sijamwambia, nataka nimweleze wakati faida imeshaanza kuingia.

Naomba unisaidie mambo matatu. Je, niingie? Ndugu ambao nadhani hawataacha kuomba, niwakatalieje bila kuvunja undugu? Na la tatu ndilo linaloninyima usingizi: kwa nini najiona maskini leo kuliko nilipokuwa na mshahara peke yake? Waliostaafu kabla yetu, kwa kikokotoo cha zamani, yaani kanuni ya zamani ya kukokotoa mafao, walipata karibu mara mbili ya mkupuo wangu. Nikikutana nao roho inaniuma, kisha naona aibu kwamba inaniuma.

Mwalimu mstaafu, Singida


JIBU

Mwalimu, shikamoo.

Naanza na kuku kwa sababu mwisho wa mwezi uko karibu na mengine yanaweza kungoja. Usiingie. Hata banda moja la kujaribia usinunue, maana anayeanza na moja akalipwa mara mbili ndiye anayerudi kuchukua tisa.

Chukua karatasi. Wanakuahidi asilimia 10 kwa mwezi. Shilingi milioni moja ikizaa hivyo, na kila faida ikirudishwa kununua mabanda mengine, baada ya mwaka itakuwa milioni 3.1. Baada ya miaka mitano itakuwa milioni 304. Weka sasa milioni zako 9, usiguse kitu kwa miaka 15. Utakuwa na zaidi ya shilingi trilioni 250. Bajeti nzima ya Serikali ya Tanzania ya mwaka 2023/24 ilikuwa trilioni 44.39. Yaani kwa mabanda tisa ya kuku, wewe na mkeo mngeweza kuilipia nchi hii mishahara, barabara, dawa na madeni kwa miaka mitano na bado mkabaki na chenji. Swali hili ungempa mtoto wa darasa la saba, angenyoosha kidole kukuuliza kama namba umeziandika sawasawa.

Liko swali jingine lisilohitaji hata kalamu. Benki zetu huwakopesha wafanyabiashara kwa riba inayozunguka asilimia 15 au 16 kwa mwaka. Mwenye biashara inayoweza kulipa asilimia 120 kwa mwaka angekwenda benki, akakopa, akalipa riba yake, na zaidi ya asilimia 100 ikabaki kwake bila kugawana na mwalimu yeyote wa Singida. Kwa nini basi anunue kwako kwa 120 fedha ambayo benki ingemuuzia kwa 16? Jibu ninaloliona ni moja: benki ingetaka kuona vitabu vya hesabu na kukanyaga mabandani kabla ya kutoa hata senti. Wewe umeombwa uamini meseji.

Na tena ni kuku, Mwalimu, na wewe uko Singida! Mkoa wenu ndio unaojaza matenga ya kuku wa kienyeji yanayoshushwa Dar es Salaam. Unaijua bei ya jogoo mnadani. Umeona mdondo ukifagia banda zima ndani ya wiki moja, umeona chakula cha kuku kikipanda bei na mayai yakibaki palepale. Nenda kwa jirani yako anayefuga, muulize kama yuko tayari kukulipa shilingi laki moja kwa kila milioni, kila mwezi, kiangazi na masika, kuku wafe wasife. Atakachokujibu ndicho ambacho kampuni ingekujibu kama ingekuwa na kuku.

Mwenzako simwiti mwongo. Ameweka milioni 10, amepokea milioni 4, kwa hiyo milioni 6 zake bado ziko kwao. Mpaka afikishe miezi kumi ya malipo atakuwa anarudishiwa fedha zake mwenyewe kidogo kidogo. Shilingi ya kwanza ya faida atailamba mwezi wa kumi na moja wa malipo, kama huo mwezi utamkuta kampuni ikiwa na mlango wazi. Anakushuhudia kwa moyo safi jambo ambalo bado halijatokea. Muulize kwa upole kama ameingia ndani ya banda akaonyeshwa kuku wake, na kama analipwa chochote kwa kila mtu anayemleta. Mtu aliyeweka fedha mahali penye shaka hupenda kuwa na wenzake. Wakiwa wengi hofu inagawanywa, na akimwona mwalimu wa hisabati naye ameingia, usiku ule analala vizuri. Huo ndio udhaifu ambao miradi hii inaujua kuliko sisi wenyewe. Tunakagua tabia ya aliyetuita, tukikuta ni mtu mwema tunaridhika, na hatuendi kukagua biashara.

Wewe ni wa umri wa kuikumbuka DECI, ule mradi wa kupanda na kuvuna fedha. Watu walipanda mbegu, wakavuna, na wengi waliingizwa na wale waliokuwa wakisali nao benchi moja. Wa mwanzo walivuna kweli, tena hadharani, na mavuno yao yakawa tangazo kubwa kuliko lolote la redioni. Mwaka 2009 Serikali ikaisimamisha, foleni ya wavunaji ikawa foleni ya wanaolia, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu.

Mfano unaofanana zaidi na wako uko Kenya. Mwaka 2013 na 2014 kulikuwa na homa ya kware. Ilisemwa mayai yake yanatibu karibu kila ugonjwa, yai moja likafika hadi shilingi 100 za Kenya, na watu wakapanga foleni ya vibali kwenye Shirika la Wanyamapori kwa kuwa kware huhesabiwa ni ndege wa porini. Ndege walikuwepo, mayai yalikuwepo, hakuna aliyeibiwa kwa mtutu. Lakini angalia nani alikuwa anamnunulia nani. Aliyetangulia hakuwa akimuuzia mlaji. Alimuuzia mfugaji mpya mayai ya kutotolesha, vifaranga na mashine. Mfugaji mpya naye akamtafuta mpya zaidi. Siku wapya walipokwisha, kila mmoja alikuwa na mayai na hakuna aliyekuwa na njaa nayo, bei ikaanguka mpaka shilingi chache, na waliokuwa wamekopa kununua mashine wakabaki na mashine. Tangu hapo kila mradi ninaoletewa nauliza nani atakula. Kwenye kampuni ya mwenzako anayekula ni mwanachama wa jana, na chakula chake ni fedha ya mwanachama wa leo.

Watakuonyesha cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA na leseni ya biashara ya halmashauri, vimewekwa kwenye fremu ukutani. Vyote vinaweza kuwa halali, na hakuna hata kimoja kinachomruhusu mtu kukusanya fedha za wananchi. Kupokea amana za umma kunataka leseni ya Benki Kuu, chini ya Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006, na upatu wa kulipana kwa fedha za wanaoingia ni kosa la jinai. Usiombe cheti, omba leseni hiyo, na ukipewa nakala usiridhike mpaka uipeleke tawi la Benki Kuu wakuthibitishie.

Nije kwa ndugu.

Soma tena barua yako, utaona kitu nilichokiona mimi. Mkupuo umeueleza kwa mistari mingi: ukuta, harusi, shemeji, misiba. Pensheni umeitaja kwa mstari mmoja, na katika barua nzima hakuna hata ndugu mmoja aliyekuja kuomba pensheni. Kila mwezi inaingia laki 5 na 80, kwa mwaka ni karibu milioni 7, na hakuna anayeiona. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu anajua hiyo ni ya unga, umeme na sukari. Ina kazi. Mkupuo ulipoingia haukuwa na kazi, na fedha isiyo na kazi ni kama mwembe ulioota kando ya njia: kila apitaye anaokota jiwe, na akikosa embe anakasirika kana kwamba amenyimwa lake.

Ndugu zako si wabaya, Mwalimu. Miaka 35 walikuwa wakiguswa na shida zilezile, ada zilezile, misiba ileile, na walikuwa wakizimaliza bila wewe, au kwa elfu kumi yako ya mwisho wa mwezi. Shida hazikuongezeka mwaka 2023. Kilichoongezeka ni mahali pa kuzipeleka. Mtu akijua kwamba liko fungu lisilo na kazi, shida yake iliyokuwa ya elfu ishirini inakua mpaka ilingane na fungu. Hiyo ni tabia ya binadamu wote, hata ya serikali, na wewe na mimi tungefanya hivyo hivyo tukiwa upande wa pili wa simu.

Watafiti wamelipima jambo hili jirani yetu. Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya majaribio vijijini Kenya: watu walipewa fedha, wakatakiwa waamue wawekeze kiasi gani. Wanawake waliokuwa na ndugu zao palepale, na kujua kwamba kitakachopatikana kitaonekana, walichagua njia yenye faida ndogo ilimradi wasijulikane wana kiasi gani. Walikubali kupoteza ili wasiombwe. Nilipousoma utafiti huo nilihuzunika, maana niliwaona mama zangu na dada zangu humo: anayeficha kitambaa chenye fedha kwenye gunia la mahindi, anayenunua bati moja moja ili fedha isilale ndani ikiwa fedha.

Lakini uko utafiti mwingine unaonipa matumaini. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, magharibi mwa Kenya, waliwapa watu visanduku vya chuma vyenye kufuli, na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Kila mmoja akaandika lengo la afya analowekea. Hakuna riba, hakuna benki, na mwenye sanduku angeweza kulifungua saa yoyote. Hata hivyo matumizi yao kwa kinga za afya yalipanda kwa zaidi ya nusu, kwa mujibu wa matokeo waliyochapisha mwaka 2013. Kufuli lile halikumzuia mwizi. Lilimpa mwenye fedha neno la kusema. "Ninayo, ila ni ya hospitali" ni sentensi ambayo shangazi anaielewa na haimuudhi. "Sina", wakati geti jipya linang'aa nyuma yako, ni sentensi inayovunja undugu, kwa kuwa kila mtu anajua unadanganya.

Kwa hiyo sitakufundisha kukataa. Nataka ile milioni 10 isiwe tena fungu lisilo na kazi ifikapo wiki ijayo.

Milioni 6 peleka kwenye hati fungani za Serikali, yaani uikopeshe Serikali kwa riba. Kiwango cha chini ni shilingi milioni moja, unanunua kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Usiende na ndoto kubwa. Ile ya miaka 25 ililipa asilimia 15.95 kwa mwaka, na mwaka 2022 ikashushwa mpaka 12.56. Za muda mfupi, ambazo kwa umri wako ndizo ninazokushauri, kwa kawaida hulipa pungufu ya zile za muda mrefu, na viwango hubadilika, basi uliza vya mnada wa sasa. Tukikadiria asilimia 10, milioni 6 zitakuletea laki 6 kwa mwaka, ambayo ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Ndiyo, hamsini kwa mwezi, na kampuni ya kuku imekuahidi laki 9. Hiyo hamsini itakuja, na milioni 6 zako zitarudi siku iliyoandikwa.

Na hiyo hamsini ndiyo uifanye fungu la ndugu. Waite wakubwa wa ukoo, waambie wazi kwamba fedha ya mkupuo umeifunga serikalini, na kinachotoka humo kwa ajili ya familia ni shilingi 50,000 kila mwezi. Ukitokea msiba tarehe 5 ukatoa 30,000, zimebaki 20,000. Zikiisha tarehe 12, jibu lako litakuwa la kweli na kila mtu atakuwa analijua kabla hajapiga simu. Ada ilipe shuleni, dawa ilipe dirishani, mkononi mwa mtu weka nauli tu. Utashangaa ni shida ngapi zinazokata tamaa njiani zikisikia kwamba fedha itakwenda moja kwa moja kwa mhasibu wa shule.

Milioni 2 ziweke kwenye akaunti ya akiba ambayo haijaunganishwa na simu yako, ziwe za ugonjwa wako na wa mkeo. Nimesisitiza simu kwa sababu zile milioni 5 zisizo na maelezo sina shaka zilipita humo, usiku, ukiwa umelala nusu, kwa kubonyeza namba ya siri. Kusafiri mpaka dirishani benki kunakupa saa mbili za kufikiri.

Milioni 2 za mwisho, kama moyo wako uko kwenye kuku, fuga wako. Anza na wachache, chanjo ya mdondo kwa ratiba, na uuze kwa walewale wanaokuja na matenga.

Kuhusu shemeji, usimpigie tena. Duka la pembejeo lina fedha msimu wa kupanda na kukauka baada yake, kwa hiyo hata angekuwa mlipaji mzuri asingeweza kukulipa kila mwezi. Kaeni watatu, wewe, yeye na mkeo, mkubaliane alipe kwa mafungu Novemba na Desemba kila mwaka mpaka iishe, muandike, na mkeo atie saini. Mtu anayepokea simu ya dada yake hajakimbia deni. Amemkimbia mdai.

Hapa naomba uniruhusu niseme kwa ukali kidogo, pamoja na shikamoo yangu. Mkeo hajui habari ya mabanda. Unataka kumwambia wakati faida imeanza, kwa sababu unajua atakachosema kabla haijaanza. Basi umeshapata ushauri wake bila kumuuliza, na ni ushauri sahihi. Mama huyo ameishi na mshahara wa mwalimu kwa miaka yote hiyo, akaugeuza chakula, sare na ada mpaka mkaozesha binti. Hakuna mchumi Dodoma mwenye uzoefu wa fedha zako kumzidi. Mradi wowote ambao sharti lake la kwanza ni mkeo asijue, hesabu kwamba umeshashindwa ukaguzi. Mwambie leo, kabla hujaenda benki.

Sasa swali lako la tatu, ambalo nimelifikiria kuliko mengine.

Kikokotoo kwanza, na usione aibu. Roho inakuuma kwa jambo la kweli. Hesabu yako ilikuwa 1/580 ya mshahara wa mwaka mara miezi 420 ya utumishi, mara 12.5, mara asilimia 33. Wenzako wa mifuko ya zamani, PSPF na LAPF, walihesabiwa kwa 1/540, mara 15.5, na asilimia 50. Kwa mshahara ule ule uliostaafu nao, wewe ungepata karibu milioni 87. Ndiyo maana watumishi walipiga kelele mwaka 2018 ilipotajwa asilimia 25, Rais Magufuli akaisitisha Desemba ile, na asilimia 33 ikaja Julai 2022. Pensheni yako ya mwezi imezidi ya kikokotoo cha zamani kwa takriban 115,000, lakini kwa kasi hiyo pengo la milioni 44 lingechukua zaidi ya miaka 30 kuzibika. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Umepata pungufu.

Ila umeniuliza kwa nini unajiona maskini kuliko ulipokuwa na mshahara, na hilo kikokotoo hakilijibu, maana hujawahi maishani mwako kumiliki hata nusu ya milioni 43 kwa mara moja. Ulipokuwa kazini ulijipima na mwezi uliopita. Sasa unajipima na milioni 87 ambazo hukuwahi kuzishika, pamoja na milioni 43 ambazo kila siku zinapungua. Mshahara hata ukiwa mdogo unakuja, mkupuo hata ukiwa mkubwa unakwenda. Binadamu huumizwa zaidi na kinachotoka kuliko anavyofurahishwa na kinachoingia, na wewe kwa mwaka mzima umekuwa ukitazama upande wa kutokea tu.

Kuna kingine, na nitakisema taratibu. Adam Smith wa Scotland, anayeitwa baba wa elimu ya uchumi, aliandika mwaka 1759 kwamba tunautafuta utajiri hasa ili tuonekane, tusikilizwe, tuangaliwe kwa kibali. Ulipokuwa kazini ulikuwa navyo bure. Ukipita sokoni, "Mwalimu, shikamoo". Wazazi walikufuata kwa ushauri, watoto walisimama ukiingia. Siku uliyokabidhi funguo za ofisi hayo yote yalipungua, na mkupuo ukaingia mwezi uleule, simu zikaanza kuita tena. Nadhani sehemu ya zile milioni 5, na hata ya ule ukuta, ulikuwa ukinunua kuitwa Mwalimu. Na mkutano wa wenye mabanda utakupa kiti cha mbele na jina jipya la mwekezaji. Njaa hiyo ni halali kabisa, nakuheshimu kwayo, lakini fedha itakushibisha siku chache sana, kisha itakwisha na simu zitanyamaza pamoja nayo.

Kata yenu haikosi vikundi vya VICOBA ambavyo madaftari yao yanasomeka na mtu mmoja tu, yule aliyeyaandika. Wapo akina mama wanaogawana faida mwisho wa mwaka wakigombana kwa sababu hakuna anayejua kukokotoa hisa. Wapo watoto wa darasa la saba wasiojua asilimia. Mtu anayeweza kufanya hesabu hiyo mbele ya watu wote, bila kuwa na mkopo ndani na bila upande, ataheshimiwa mpaka uzeeni, tena bila kutoa shilingi. Jitolee kukagua vitabu vya kikundi kimoja, uone kama wengine hawatakufuata.

Limebaki la pikipiki. Yule kijana asiyeleta hesabu usimfuate peke yako. Nenda na mdhamini wake mpaka kwa mwenyekiti wa kijiwe, mkokotoe siku alizolipa na alizoruka, mbele ya wenzake. Akishindwa wiki mbili tena, pikipiki irudi, umpe mwingine kwa mkataba wa maandishi. Hakikisha bima haijaisha, na kadi za pikipiki zote mbili zibaki kwa jina lako, mikononi mwa mkeo, mpaka siku ya hesabu ya mwisho.